Wapenzi Chini ya Mwavuli Mmoja

Mdogo wangu Hamisi,

Hamjambo huko? Mimi niko Garland, Marekani, kwa mwanangu Juma, nala nashiba. Jua la huku linachoma mpaka usukani wa gari haushikiki, ndiyo maana jana akanikimbiza kwenye ubaridi wa jumba la makumbusho, Dallas mjini.

Geuza kadi uone picha niliyoikuta huko. Wajapani waliichonga kwenye ubao, wakaupaka rangi na kuugandamiza kwenye karatasi. Ni hadithi yao ya kale: binti na mpenzi wake wanatembea kwenye theluji, wanakwenda kujitosa mtoni pamoja. Tazama bega la kijana lilivyojaa theluji. Mwavuli wote kamwachia binti.

"Nani aliwakataza wasioane?" nikamuuliza Juma.

Akasoma maelezo ukutani. "Wameandika ni ndugu zao tu, mama."

Kwenye mkoba wangu imo barua ya posa ya binti yako Rehema. Nilisafiri nayo makusudi ili usiijibu, eti kwa sababu mshenga alikukabidhi wewe kabla ya kuja kwangu mimi, shangazi mtu.

Leo nimeifungua. Kijana anaandika kwa adabu. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ningeanza kugomba.

Mkumbatie Rehema, umwambie nimekubali. Kisha mwite mshenga. Akipitia kwako kwanza tena, safari hii sitanuna.

Dada yako akupendaye,
Zuhura