Boti Haina Breki

Naivasha, Jumanne jioni. Upepo wa leo ulitaka kung'oa mabati ya stoo, na mpaka sasa suruali yangu imelowa hadi magotini. Ni mvua.

Sawa, si mvua.

Zile ndege za kutua majini zilipoacha kuja, hoteli ninakoendesha lori ikanunua boti ya injini ya kuzungusha wageni ziwani. Dereva akatafutwa. Nani mwingine kama si mimi? Lori la tani tano nimeliteremsha ule mteremko mkali wa eskapimenti breki zikiwa zimekufa, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika hindi la kuchoma. Kule mtaani Bondeni watoto wa dada yangu wananiita Mjomba Kapteni, maana niliwaambia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia niliendesha meli mpaka Burma.

Meli nilipanda kweli. Nilikuwa chini, namenya viazi na kutapika.

Anayetufundisha, mimi na wenzangu walioomba kazi hiyo, ni Mzee Odera, aliyezeekea kwenye meli za ziwa la Kisumu. Leo alitupa majini gunia la nyasi kavu, akasema huyo ni mgeni ameanguka, nimwokoe. Wimbi likaja. Nikalikwepa kama shimo la barabarani, nikakata kona. Boti ikalipa wimbi lile ubavu, maji yakaingia mpaka magotini. Mguu wangu ukatafuta breki.

Boti haina breki.

Nilipolifikia gunia, nikakata kona tena nilipite pembeni. Hapo nikaona kitu ambacho bado kinanizunguka kichwani. Lori, mbele ikipita, nyuma inafuata. Boti ukiipeleka pua huku, mkia unakwenda kule. Mkia ukalifuata gunia, na mkiani ndiko liliko lile panga la injini linalozunguka kuisukuma boti. Nyasi zikatapakaa majini.

Mzee Odera hakucheka. Alishika usukani, akapunguza mwendo, akaielekeza pua kwenye mawimbi, boti ikatulia. Nilimwuliza mara tatu, kwa nini umwendee anayekupiga badala ya kumkimbia? Akanionyesha kwa kiganja: pua imechongwa ipasue maji, ubavu haukuchongwa hivyo. Na aliyeanguka, umjie ukiwa umeukabili upepo, boti isije ikasukumwa juu yake.

Meneja wa hoteli anaiamini ile Burma yangu, anataka nianze Jumamosi. Imebaki sahihi ya Mzee Odera tu. Tulipofika nchi kavu akaitoa karatasi ya kunipitisha.

"Dereva, mkeo ungempandisha boti hii leo, wewe ukiwa kwenye usukani?"

Nilifungua mdomo nimpe hadithi ya meli. Likatoka jingine.

"Hapana, mzee."

"Basi hata wageni hawapandi." Akairudisha karatasi mfukoni. "Una siku tatu."

Sijakasirika. Ajabu, nina hamu. Wimbi likija kwa nyuma, je, unafanyaje? Hilo sikuuliza.

Wenzangu wameandikisha mazoezi ya asubuhi, wakati ziwa limetulia kama chai kwenye sosa. Mimi nimeomba saa tisa mchana, mawimbi yakiwa yameshaamka.