Mzinga wa Mawingu

Dada Zuhura,
Mimi mzima, ila joto la Durban linanata. Leo mvua imenikuta mtaa wa Point, nikakimbilia hotelini kula mkate uliochimbwa katikati ukajazwa mchuzi wa maharage. Ungeupenda!

Mezani nilikaa na Mkongo mmoja, Papa Kalala. Zamani alifanya kazi kwenye shamba la matufaha milimani. Likija wingu jeusi, alifyatua mzinga kulivunja, mvua ya mawe isiharibu matunda. Ukame ulipokausha majani, wafugaji jirani walisema anawafukuzia mvua, wakamshtaki mwajiri wake. Hakimu akaitupa kesi, kwa kuwa hawakuweza kuthibitisha kwamba mvua ilikuwa inaelekea kwao.

“Tulishinda,” akaniambia, “lakini mama watoto alikosa hata mutu wa kumusalimia.”

“Kwani kweli mzinga uliifukuza?”

“Sijuwe, dada. Ndiyo maana niliacha.” Akatazama maji yakijaa barabarani. “Huku inyeshe, isinyeshe, hakuna mutu ananiangalia.”

Akaagiza chai nyingine, akanimiminia na mimi.

Nibusie wanao, na mama mwambie nala vizuri.
Mdogo wako,
Rehema