Tapeti za Rola na Jicho la Mama

Jumatano. Sultan Hamud kumekauka, upepo unaingiza vumbi mpaka ndani ya sufuria. Nimeketi mlangoni mwa duka langu la vitambaa na hasira imenijaa usoni. Wateja wanaiona, wananunua haraka, wanaenda zao.

Acha niandike, la sivyo nitamrushia mtu kitu.

Gari letu lilikufa jana. Aliyeliua ni mume wangu, Baba Mwende, ambaye analipenda kuliko kitu chochote chenye magurudumu, na naanza kuamini, kuliko baadhi yetu wenye miguu.

Ni pikapu kuukuu yenye injini ya V8. Mwaka jana aliifungua, akatoa tapeti za kawaida, vile vyuma vinavyosukuma vali, zile zinazojaa oili na kujirekebisha zenyewe, akaweka tapeti ngumu za rola, za magari ya mashindano. Mashindano gani, jamani? Sisi tunabeba simiti na kupeleka watu kanisani! Lakini alitaka nguvu, na zaidi ya nguvu alitaka ule mngurumo. Tangu hapo, kila baada ya wiki chache yuko chini ya boneti, anapima nafasi za vali kwa kibati chembamba, anazirekebisha moja moja, nami namshikia spana.

Ni yeye mwenyewe aliyenifundisha kinachoziua. Chini ya kila tapeti kuna kijirola, na ndani yake beringi nyembamba kama sindano. Springi zinazozikandamiza ni kali. Oili huzifikia kwa kurushwa na krenki ikizunguka kwa kasi. Gari likisimama huku injini inanguruma polepole, oili inayofika huko ni ya kuombaomba. Ukisimama, zima. Wimbo wake huo, nimeukariri.

Basi Jumamosi tulienda ntheo, kupeleka mbuzi wa mahari kwa wakwe wa mdogo wake, upande wa Emali. Ya langoni mnayajua. Wanawake wa pale hufunga geti, wanaimba, wanawauliza mmetoka wapi na mnatafuta nini, na hamwingii mpaka waridhike. Hawa walikataa kabisa kuridhika. Mbuzi wanalia nyuma ya pikapu, jua linachoma, sisi tumeimba mpaka koo zimekauka. Na muda wote huo injini inanguruma.

Nilimnong'oneza dirishani azime. Akanijibu huku akiwatabasamia watu, "Wacha wasikie ni kina nani wamekuja."

Wakasikia.

Jumapili injini ilikuwa inagonga. Akasema ni nafasi za vali tu, akazirekebisha baada ya ibada. Anajua vizuri kwamba nafasi ikipanuka ghafla hivyo, kuna kitu kinalika ndani. Lakini kukubali hilo ni kukubali ya langoni, kwa hivyo alifunga boneti akanawa mikono.

Na jana ndiyo ilikuwa siku ya Mama.

Mama yangu anaishi Zombe. Jicho moja lilishazima, na la pili lina mtoto wa jicho. Madaktari walikuwa wanakuja Kitui mjini siku moja tu kufanya operesheni, na nafasi yake tulikuwa tumeingojea tangu kiangazi kilichopita. Kazi yetu ilikuwa kumchukua nyumbani na kumfikisha. Ni hilo tu.

Hatukufika hata mji wa Wote. Mlio uligeuka, kama mtu anasaga kokoto, halafu kimya. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa kitambaa, na kitambaa kikang'aa chembe za chuma. Leo mafundi wameifungua injini: kijirola kimoja kimevunjika, kimeitafuna kamshafti, mhimili unaozisukuma tapeti.

Nilitaka kupiga simu Zombe papo hapo watafute gari lingine. Akasema ngoja, nakaza hapa tu tunaondoka. Nikangoja. Akasema tena ngoja. Ngai wangu, nikangoja tena! Nilipopiga, jirani alimkimbiza Mama kwa gari lake, wakakuta madaktari wanafunga masanduku. Arudi watakapokuja tena. Lini? Hakuna aliyejua.

Tangu asubuhi watu wanapita hapa dukani kutupa pole ya gari. Pole ya gari!

Na Baba Mwende ananionyesha tapeti mpya kwenye simu. Ngumu tena, za rola tena. Hizi, anasema, zina tundu la kupeleka oili moja kwa moja kwenye rola, kwa hivyo zinavumilia kusimama. Uso wake una furaha kabisa. Nilitoka nje kabla sijasema neno lisilorudishika.

Mchana nilimpigia Mama. Hakulalamika, na heri angenitukana. Alisema alivaa mapema, akakaa kando ya barabara. Kwa kuwa haoni gari mpaka lifike puani, alikuwa anasikiliza. Lori likapita, pikipiki zikapita.

"Gari ya mkwe wangu naijua ikiwa bado mbali," akaniambia. "Nilisikiliza, mwanangu, mpaka jua ikafika kichwani."

Nilikata simu nikalia juu ya vitambaa vya watu.

Kesho naenda Zombe. Nitakaa na Mama hadi madaktari warudi, na wasiporudi nitawafuata waliko. Sirudi huku kabla jicho lile halijatazamwa. Nguo ziko kwenye begi, begi liko mlangoni.

Baba Mwende ameliona. Ameuliza kama nikipita Wote naweza kumtafutia gasketi ya injini.