Salamu ya Nahodha

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba vumbi la kiwanda cha mbao halikukohoshi tena. Sisi hapa nyumbani hatujambo. Mama anasema ukila vibaya huko atajua tu. Bibi naye anauliza kama umeshapata mchumba, au bado unachagua kama mtu anayenunua nyanya.

Mimi ni mzima wa mwili, ila nimekasirika, na nitakueleza sababu.

Jumamosi darasa letu lilitembelea ziwa la hifadhi, lile ulilofanyia kazi ya boti kabla ya kuhama. Unajua nilivyoisubiri safari hiyo. Langoni mhifadhi alitusomea masharti: tusitupe taka, tusipige kelele, tusiyasogelee matete kwa sababu yangeyange wako kwenye viota. Tukaitikia kama watoto wema.

Kumbe masharti yanaishia langoni. Tulipoyakaribia matete, mwenye boti alizima injini, akatuuliza kama tumekuja kuangalia ndege au kuangalia majani. Wenzangu wakacheka. Akachukua kasia, akalipiga ubavuni mwa boti kwa nguvu zake zote. Yangeyange wakaruka wote kwa pamoja. Ilipendeza, kaka, siwezi kusema uongo. Anga lilikuwa jeupe, na mwalimu wetu alipiga makofi.

Halafu nikawaona mwewe. Walikuwa wameshafika, maana wanaujua mlio ule kama sisi tunavyoijua kengele ya chakula. Walishuka kwenye viota vilivyoachwa wazi. Mmoja alipita juu yetu na kifaranga kwenye kucha, kikiwa bado kimefumbua mdomo kana kwamba kinaomba kulishwa.

Nilisimama nikamwambia mwenye boti kwamba anaua. Alinijibu nikae chini nisije nikaogelea bila kupenda, na kwamba mgeni asiyeona ndege wakiruka harudi tena. Mwalimu akanikanya nisimkosee adabu mtu mzima. Nilikaa, lakini nilimkazia macho mpaka gatini.

Tuliposhuka nilimfuata, nikamuuliza, safari hii kwa heshima, ni nani aliyewafundisha jambo lile. Alifurahi kuulizwa. Alisema waendesha boti wote pale hufanya hivyo, na huiita salamu ya Nahodha, kwa jina la utani la kijana mmoja mcheshi aliyeibuni, mwenye pengo la jino la mbele, aliyekuwa akiimba njia nzima kwa sauti mbaya. Kisha akataja wimbo wenyewe.

Sikumwambia kwamba Nahodha ni kaka yangu.

Kaka, wewe ndiye uliyenifundisha majina ya ndege wale, ukiwa umenibeba mabegani. Labda wakati wako mwewe walikuwa hawajaujua mlio ule. Nataka sana kuamini hivyo. Lakini sasa wanaujua, na mimi hakuna anayenisikiliza pale. Wewe watakusikiliza, maana mpaka leo wanakutaja kwa kicheko. Zawadi ya kufunga shule usinitumie mwaka huu. Chukua likizo, uje uwaambie kwa mdomo wako mwenyewe waache.

Mama na Bibi sijawaambia lolote, wanakusalimu sana. Nami nakusalimu, kwa hasira, na ninakungoja. Usichelewe. Yapo mayai ambayo bado hayajaanguliwa.

Ni mimi, mdogo wako wa mwisho