Maziwa ya Sura ya Tisa

Jumatatu, 2 Juni 2025
Goodluck amepiga simu kutoka Dar. Mhariri mpole, lakini leo—! Riwaya yangu anaipenda, mhusika wangu Mama Sera hapana. Kasema mama huyu ni mbaya tangu anaamka mpaka analala. Mtu mbaya naye huumwa jino, hucheka, ana sababu zake. Halafu kauliza: sura ya tisa, anampiga mwanawe kwa ajili ya maziwa ya mtoto mchanga. Maziwa yalikwenda wapi? Nani aliyanywa?
Nikasema nitaangalia. Nakala ya mwisho anaitaka tarehe kumi na sita.


Jumatano, 4 Juni
Kimihurura, ofisini. Barua moja ya kutafsiri, siku nzima. Akili iko kwa Mama Sera. Nimempa mume mlevi. Nimempa utoto wa taabu. Viraka vitupu! Mama Sera ni Shangazi Béatha, najidanganya nini? Nimembadilisha jina tu.

Jumamosi, 7 Juni
Nimekwenda Kanombe kumwona Shangazi. Kama mpelelezi, Mungu anisamehe. Nilikaa nyumba ile miaka saba, tangu nilipoletwa kutoka Ngara, ng'ambo ya mpaka, nikiwa na miaka kumi. Kanimiminia chai, kanikatia parachichi, yeye hakula. Ukutani picha tatu za Shimwa, binti yake. Shimwa mwenyewe hajakanyaga pale tangu aolewe.
Nikazungukazunguka, mwishowe nikauliza: siku ile ya maziwa, Shangazi, ilikuwaje?
Akaweka birika chini. Halafu: "Manzi alikuwa na wiki tatu. Mimi maziwa yangu ilikuwa imekatika. Ile kikombe ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mtoto analia, analia, mpaka sauti inaisha. Nikaona Shimwa karibu na meza." Akatazama viganja vyake. "Lakini mkono ilikuwa yangu, mwana wanjye. Hakuna mwingine wa kubeba hiyo."
Hakuuliza nani alikunywa. Hata kidogo! Nikaaga, chai nimeiacha nusu.

Jumapili, 8 Juni
Kanisani sikwenda.
Niandike basi, hapa hakuna anayesoma. Nilikunywa mimi. Nilikuwa na njaa — hapana, sikuwa na njaa. Nilitaka tu kitu ambacho si changu. Shimwa, miaka minane, akala kibao, na sikio lake la kushoto halijasikia tena mpaka leo. Mimi nimesimama mlangoni. Nikajifuta mdomo.
Na riwaya nzima inamlilia mtoto mwema aliyesimama mlangoni!

Jumatano, 11 Juni
Sura ya tisa nimeiandika upya, alfajiri, kabla ya kazi. Mtoto wa mlangoni anakunywa. Mama Sera anabembeleza kichanga kilichokauka sauti, anageuka, anapiga. Sikumwongezea neno. Amekuwa mtu.
Goodluck kajibu mstari mmoja: sasa namwogopa huyu mtoto. Yeye kafurahi. Kitabu kikitoka Shimwa atakisoma. Miaka yote hii amemsusa mama yake, na mimi kila Krismasi nakula kwa Shimwa, namsikiliza akimlaumu, naitikia kwa kichwa.
Nirudishe sura ya zamani? Nani atajua?

Jumamosi, 14 Juni
Kagugu, kwa Shimwa. Nimempa karatasi za sura ya tisa.
Amesoma barazani, bila haraka. Akafika ukurasa wa sita, akarudi wa tano. Akauliza, "Hii umetunga tu, ama iko kweli?"
"Ni kweli."
"Ni wewe?"
"Ni mimi."
Hakupiga kelele. Bora angepiga! Akachukua simu. "Mama, uri mu rugo?" Uko nyumbani? Maneno mengine mawili matatu, akakata. Akaingia ndani kuvaa viatu. Naandika nimeegemea nguzo.
Ametoka. Amepita mbele yangu bila kunitazama. Gari limewaka. Hajasema nipande, hajasema nibaki. Lakini haondoki — amenyoosha mkono, amefungua mlango wa upande wa pili, na macho yake yako mbele, kwenye geti —