Sindano ya Mama Watoto

Jumatatu, 3 Machi
Mama watoto hajalala. Paji la uso, upande wa kushoto, linawaka moto – vipele vya maji vimeshuka mpaka kope. Nikasema twende zahanati. Akasema ana sare za shule za kumaliza, cherehani haijiendeshi. Ukibishana na fundi wa nguo atakupima, atakukata.

Jumanne, 4 Machi
Nimemburuta. Alijipaka poda puani kuficha kipele kimoja, ati asionekane kama mlevi aliyeanguka. Daktari akaifuta kwa pamba. Alipokiona kile kipele cha ncha ya pua, uso ukambadilika. Akasema huu ni mkanda wa jeshi, virusi vile vile vya tetekuwanga ya utotoni, na ukifika puani jicho nalo liko hatarini. Leo hii hii tukaenda kwa daktari wa macho. Akamtia dawa ya rangi, akammulika kwa taa ya buluu. Kioo cha jicho kimeshaguswa. Vidonge mara tano kwa siku, asiruke hata kimoja. Asisugue.
Ee Mola, nusura poda itunyang'anye jicho.

Alhamisi, 6 Machi
Dada yake kaleta matone ya macho, masalio ya jirani. Nikamwambia, shemeji, asante, ila jicho hili lina daktari wake. Kanuna mpaka chai ikapoa.

Jumatatu, 10 Machi
Vipele vinakauka. Jicho limefunguka, ila anaona ukungu. Sasa mimi ndiye ninayemtungia uzi – seremala, na vidole hivi vya kushikia randa! Anacheka: "Mzee, hilo ni tundu la sindano, si la mlango." Nimefurahi kuchekwa. Kisha nikaenda uani, nikalia kidogo.

Jumamosi, 15 Machi
Daktari kasema kidonda kinapona. Ukungu huenda ukaondoka, huenda ukabaki.
Jioni hii nimemtungia sindano kama kawaida. Akauchomoa uzi. "Njoo unizibe jicho hili zima, mzee, niutunge kwa hili bovu. Na usichungulie, utanitia mkosi."
Basi kiganja changu cha kushoto kiko usoni pake, cha kulia kinaandika. Namwomba Mungu kimoyomoyo, nachungulia kwa pembe ya jicho. Uzi umegonga chuma, umepinda. Ameulamba tena. Kope za jicho zima zinanitekenya kiganjani. Amezuia pumzi, nami –