Mara Tatu Hewani

Elounda, Krete
20 Julai 1988

Mpendwa dada Argyro,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mgongo wako umetulia? Huko kiwandani Ujerumani wanakupumzisha walau kidogo? Sisi wazima, ila kichwa changu hakiko sawa, na utaona kwa nini.

Jumapili Titos alitupeleka mimi na binti yako Kalliopi kwenye mji uliozama, Olous. Kwangu yale ni mawe tu, napita hapo kila siku. Lakini Kalliopi aliingia majini na miwani ya kuzamia, akapiga kelele, “Mama mdogo, nimesimama sebuleni kwa mtu!” Titos akamjibu kwamba angebisha hodi kwanza, huko Ujerumani hawafundishwi adabu? Akazama kumfuata. Walipoibuka, binti yako alikuwa na pete kidoleni.

Nilicheka, nikalia, nikawabusu. Wanataka niwe msimamizi, niwavishe mataji ya ndoa kanisani mara baada ya sikukuu ya Mama wa Mungu mwezi ujao. Nikaitikia.

Titos ni mwanangu wa ubatizo, unajua. Unajua pia kwamba watoto wawili wa mama mmoja wa ubatizo ni ndugu, hawaoani. Ndiyo maana sijakubali kumsimamia ubatizo msichana yeyote hapa kijijini, hadi wakasema nina maringo.

Dada, nilikuficha. Siku uliyomzaa Kalliopi ulizimia. Alitoka wa miezi saba, wa bluu, hapumui, na padri alikuwa ng’ambo ya mlima. Nikamwinua hewani mara tatu, nikambatiza mwenyewe, kama tunavyoruhusiwa mtoto anapokata roho. Mara ya tatu akalia. Ulipozinduka nilikwambia amekuja salama, na siku alipobatizwa kanisani nikasimama nyuma kama mgeni.

Sasa ubatizo ule unahesabika au hauhesabiki? Nilimuuliza padri kana kwamba ni habari za watu wengine. Akasema inategemea, kisha akauliza ni watu gani hao. Nikaondoka mbio. Asubuhi naapa nitawaambia; mchana nawakuta wanalishana tikiti maji, nawakatia jingine. Sijui nifanye lipi. Wewe ndiye mama yake. Piga simu pale mkahawani, uniambie niseme au ninyamaze, nitatii.

Msalimie sana shemeji, lakini barua hii usimwonyeshe.

Na jambo la mwisho, nisije nikalificha tena. Kule hewani sikumwita Kalliopi. Nilimwita Argyro. Niliona nawe unaondoka duniani, dada, nikataka abaki Argyro mmoja.

Ni mimi mdogo wako,
Rodanthi